AudioMoth: sikio zuri la popo, ila usilifanye karani wa sensa

Mimi ni fundi redio. Maisha yangu yote nimefungua vifaa vya watu huku nikiwasema waliovitengeneza, kwa hiyo kikundi chetu cha kufuatilia popo kilipopata kinasa sauti cha AudioMoth, nilikabidhiwa mimi kwanza nikikague. Nimekaa nacho misimu miwili.

Ni kibao cha saketi cha milimita 58 kwa 48, kinaenea kiganjani, na mgongoni kinabeba betri tatu za AA. Hakina kioo wala spika. Kuna swichi moja ndogo ya hatua tatu: kuzima, kurekodi kwa mpango wa kiwandani, au kurekodi kwa mpango uliouweka mwenyewe kwa kompyuta. Waliokibuni wameiacha michoro yake wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma, na kwa fundi hilo ni kama kukaribishwa hadi jikoni. Kibao huja kitupu. Kasha la kuzuia maji unaagiza kando. Mimi nikajifanya mjanja, nikakitia kwenye mfuko wa plastiki bila kuweka kifuko cha kunyonya unyevu. Alfajiri mfuko ulikuwa umetoa jasho ndani, na nilichovuna usiku ule ni mlio wa matone. Kosa langu, wala sina wa kumlaumu.

Kikirekodi lakini, utakipenda. Sikio la binadamu huishia kilohezi 20 hivi, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, na popo wengi wawindao wadudu hupiga milio juu ya hapo. Kifaa hiki huchukua sampuli, yaani vipimo vya sauti, hadi 384,000 kwa sekunde, na kwa kuwa sauti unayoweza kuinasa ni nusu ya hesabu hiyo, kinafika kilohezi 192. Ukiichezesha rekodi polepole mara kumi, mlio wa kilohezi 45 unashuka hadi 4.5 na unausikia vizuri. Nilimsikia popo mmoja akimwandama mdudu: milio ikaanza mmoja mmoja, ikasogeleana, ikakimbizana mpaka ikawa mvumo mmoja kama zipu inayofungwa, halafu kimya. Hapo nikajua ama ametia kitu mdomoni ama amekosa. Niliirudia mpaka mke wangu akanifungia mlango.

Angalia kadi yako ya kumbukumbu. Kwa kasi hiyo ya juu kabisa, saa moja ya kurekodi mfululizo inakula karibu gigabaiti 2.8, yaani kadi ya gigabaiti 32 haimalizi usiku wa saa kumi na mbili. Kipange kirekodi kwa vipindi, au kihifadhi tu pale sauti inapovuka kiwango ulichoweka. Na kiwango hicho ukikishusha mno, utarudi na kadi iliyojaa nyenje.

Saa nayo. Jina la kila faili ni tarehe na saa, na usipobadilisha mpangilio inaandikwa saa ya kimataifa. Niliwahi kuwaandikia wenzangu kwamba popo wetu wanatoka pangoni alasiri jua likiwaka. Waliniuliza kama ni popo au ni mbayuwayu.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Watu wanakiagiza kifaa hiki wakidhani kitawahesabia popo. Hakihesabu. Jioni moja tulisimama watatu mbele ya ufa wa mwamba, kila mmoja na kibonyezo chake, tukahesabu popo 61 wakitoka. Kinasa kilichofungwa hatua chache kutoka hapo kilirudi na faili zaidi ya 400. Popo mmoja anayezunguka taa mara ishirini anaandikwa mara ishirini, na ishirini wanaopita mara moja moja wanaandikwa vilevile. Unachopata ni kiasi cha shughuli: usiku huu kuliko ule, mwaka huu kuliko uliopita, mahali palepale, kimo kilekile, mipangilio ileile. Hilo lina thamani kubwa, maana spishi nyingi za popo huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, na idadi ikiporomoka huchukua miaka mingi kurudi. Lakini ukihamisha kinasa mti mmoja tu, mfululizo wako umekatika. Sisi tulikihamisha. Mwaka mzima ukaenda na maji.

Na kuna wasiosikika kabisa. Popo wa matunda wengi hutumia macho na pua, hawapigi milio ya kutafuta njia. Hao utawafuata kwenye miti wanakolala. Popo mwingine mdogo wa Afrika, Cloeotis percivali, hupiga kilohezi 212 hivi, juu ya dari ya kifaa hiki. Hata walio chini ya dari, milio ya juu sana huishiwa nguvu hewani upesi, kwa hiyo lazima wapite karibu.

Kutambua spishi ni kazi nyingine. Nilijaribu programu moja, siitaji, ikanipa kwa kujiamini jina la popo asiyeishi hata bara hili, kwa sababu ilifunzwa kwa sauti za kwingine. Siidharau sauti yenyewe: huko Ulaya, ni tofauti ya kilohezi 45 na 55 iliyowafanya watafiti wa miaka ya 1990 watambue kwamba popo waliyemdhani spishi moja ni spishi mbili. Ila walikuwa na masikio yaliyozoea, si kitufe.

Natoa nyota nne. Nimeagiza cha pili, safari hii na kasha lake, na ule mti wa mwanzo nimeupaka alama ya rangi kwenye kimo cha kifua changu.