Umeripoti chuoni wiki ya tano: ubebe yuniti zote au uache mbili?

Swali hili hurudi kila mwaka vyuoni, kuanzia Maseno hadi Njoro. Karo imechelewa, wenzako wameshasoma mwezi mzima, na fomu ya kusajili yuniti, yaani masomo ya muhula, iko mbele yako.

Kwa upande wa mfuko, kubeba zote kunashinda. Unamaliza na darasa lako, hulipi kodi ya chumba kwa mwaka wa ziada. Kuacha mbili kunakupumzisha leo tu: yuniti ya muhula wa kwanza aghalabu hufundishwa tena baada ya mwaka, na hapo inaweza kugongana na ratiba yako mpya.

Kwenye alama mambo hugeuka. Vyuo vyetu vingi huipa CAT, yaani majaribio ya katikati ya muhula, alama 30 na mtihani wa mwisho 70. Mimi nilifika CAT ya kwanza ya hesabu imeshapita. Nikabaki nakopi daftari la mwenzangu chini ya taa ya korido hadi saa saba usiku, mstari kwa mstari, bila kuelewa hata mmoja. Stadi za mawasiliano utazifidia kwa noti. Maabara, thubutu! Jaribio lililopita halirudi kwa fotokopi.

Mahudhurio? Muulize mhadhiri kabla ya kusajili kama wiki ulizokosa zitakuzuia kufanya mtihani.

Anayekaa hosteli, na ana wenzake wa kumfunza jioni, abebe zote. Anayepanda matatu kila asubuhi kutoka Kisumu, tena ana maabara mbili, amwone mkuu wa idara aombe kupunguziwa. Aombe kwa barua, abaki na nakala yenye mhuri.