Dawa za kuzuia maji kwenye turubai la kitambaa: ipi ununue kwa ajili ya karakana, ipi uiache dukani

Kabla hujatoa hela, mwagia turubai lako maji kidogo uone. Kama ni lile la plastiki, la PVC, linateleza ukilipapasa, usinunue dawa yoyote maana halinywi, hapo maji yanapita kwenye tundu na kwenye mshono tu na unachohitaji ni kiraka na gundi ya PVC. Mimi naongelea turubai la kitambaa, pamba tupu au pamba iliyochanganywa na polista, lile zito la kushonea mahema ya kambi, vifuniko vya mizigo, vivuli vya mbele ya duka, mifuko ya vifaa vya mafundi. Na hata hilo likiwa jipya la pamba tupu usikimbilie dawa. Liloweshe, lianike likauke kabisa, rudia tena, nyuzi zinavimba zinabanana na vile vitundu vya sindano vinaziba vyenyewe kwa kiasi kikubwa. Kuna watu wanamrudishia fundi hema wakilalamika limevuja mvua ya kwanza, kumbe halijawahi kuloweshwa hata siku moja.

Haya, tuseme limeshazeeka, tone la maji halikai juu kama kwenye jani la gimbi, linazama tu. Hapo dawa inahitajika.

Orodha yangu nimeipanga kwa kigezo kimoja, hewa ya karakana inakuwaje wakati wa kupaka. Sikuangalia sana ipi inazuia maji zaidi, kwa sababu karibu zote zikipakwa vizuri zinazuia, tofauti inakuja kwa nani anaumia wakati zinapakwa. Na karakana zetu tunazijua: chumba kimoja mlango mmoja, cherehani zimepangwa ukutani, jiko la chai pembeni, halafu jirani anachomelea mageti na cheche zinaruka. Dawa ambayo Ulaya mtu anaitumia kwenye uwanja wa nyumbani kwake kwa hema moja, wewe unaitumia kutwa nzima kwa mita kibao za kitambaa. Siyo kitu kimoja.

Namba moja: dawa ya maji, ya kupaka kwa brashi au kuloweka

Hii ndo nanunua mimi na ndo namshauri yeyote mwenye vijana wanaofanya kazi ndani. Unaitambua kwenye lebo, imeandikwa ni ya maji, haina alama ya moto, na brashi unasafisha kwa maji ya bomba. Mfano wa zile za nje ni Nikwax Cotton Proof, imetengenezwa kwa ajili ya pamba, ni ya maji na haina zile kemikali za florini ambazo nitazisema chini. Kwa kifuniko cha lori zima chupa ndogo ndogo zitakumaliza, kwa hiyo ulizia dumu, au tafuta kwa wauza kemikali za viwandani dawa ya maji yenye nta au silikoni ya vitambaa.

Ubaya wake upo. Inataka kitambaa kisafi kweli kweli, kama umefua kwa sabuni ya unga na hukusuuza vizuri ile sabuni iliyobaki inavuta maji ndani na dawa unaona kama ni feki. Suuza mpaka povu liishe, halafu suuza tena mara nyingine. Na kukauka inachukua muda, ukisikia mvua kwa mbali usianze.

Ila sikia hapa, maana ndipo watu wanapokosea: dawa ya maji haimaanishi uitie kwenye bunduki ya kompresa upulize. Ukiipaka kwa brashi inabaki kwenye kitambaa, ukiipuliza inakuwa ukungu mwembamba unaelea usawa wa pua na unashuka mpaka chini kabisa kwenye mapafu. Mwaka 2006 Ujerumani kulitoka bidhaa ya kupuliza inaitwa Magic Nano, ya kuzuia maji na uchafu kwenye vioo na vigae vya bafuni, ndani ya siku chache watu zaidi ya 100 walipata shida ya kupumua, wengine wakalazwa, na ikaondolewa sokoni fasta. Ile ya chupa ya kubonyeza kwa mkono haikuwa na malalamiko, lililoleta balaa ni lile kopo la gesi linalotoa matone madogo sana. Kwa hiyo ukinunua dumu, nunua na brashi pana pamoja na rola, kompresa waachie wapaka rangi magari.

Namba mbili: nta ngumu, ya kusugua

Kwa mifuko, aproni, makoti ya kazi, viti vya pikipiki, hii hata namba moja haiifikii. Nta ya nyuki ukichanganya na parafini (nta ya mishumaa, siyo mafuta ya taa) inakuwa kipande kigumu, unasugua kwenye kitambaa halafu unapitisha joto inyonywe. Greenland Wax ya kampuni ya Fjällräven ni hivyo hivyo tu, parafini na nta ya nyuki, na sisi nta ya nyuki ya Tabora tunauza nje ya nchi miaka nenda rudi, kwa hiyo sioni kwa nini mtu aagize kipande kidogo kwa bei ya kiatu. Haina harufu ya kuumiza kichwa, haina mvuke wa kuwaka kwa joto la kawaida la chumba.

Hatari yake iko jikoni. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 mpaka 64 hivi, parafini nyingi chini ya 70, kwa hiyo maji ya moto yanatosha kabisa. Weka sufuria ya nta ndani ya sufuria kubwa ya maji, kamwe usiiweke moja kwa moja juu ya moto, kwa sababu maji hayapiti 100 lakini sufuria kavu juu ya mkaa inapanda mpaka nta inashika moto yenyewe. Na ikishika usimwagie maji jamani, maji yanageuka mvuke ghafla yanarusha nta inayowaka kila upande, funika tu kwa mfuniko na uzime jiko. Nunua mfuniko unaotosha sufuria kabla hujanunua nta, niko serious.

Kwa hema kubwa siipendekezi. Inaongeza uzito, kwenye joto la Dar inanata na kukusanya vumbi, na hema la watu kupakwa nta ni habari nyingine ambayo nitaifikia.

Namba tatu: silikoni ya kuyeyushwa na spiriti

Hizi ndo zenye alama ya moto, zinanuka kama thina. Zinafanya kazi safi, zinaingia ndani hata kwa kitambaa ambacho hakijakaa vizuri, zinakauka haraka, ndo maana mafundi wanazipenda. Mimi nazikubali kwa sharti moja, zipakwe nje, uwanjani, upepo ukiwa unatoka mgongoni kwako. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni na unaweza kufika kwenye jiko au mota ya cherehani iliyoko mbali na wewe, ukiwaka unarudi mpaka kwenye kopo. Feni ya kawaida ya mezani siyo suluhisho, mota yake yenyewe inaweza kutoa cheche.

Barakoa ya kitambaa au zile za corona hazizuii mvuke hata kidogo, hata N95 ni ya vumbi. Inayotakiwa ni ile ya mpira yenye vichujio vya kubadilisha, vya mvuke wa kemikali, kwa mfumo wa Ulaya vina mkanda wa kahawia na herufi A, kwa Marekani vina rangi nyeusi. Hiyo ihesabu kwenye bei ya dawa, pamoja na glavu za naitrili, uone kama bado ni rahisi kuliko namba moja. Na gharama hiyo ni ya mwenye karakana, kijana asiambiwe ajinunulie.

Jambo jingine kabla hujanunua: silikoni ikishaingia kwenye kitambaa, gundi na viraka havishiki tena vizuri, nta nayo haikai. Na kama unashirikiana eneo na mpaka rangi magari mtagombana, tone la silikoni likienda kwenye bodi ya gari rangi inafanya vitobo vitobo.

Namba nne: makopo ya kupuliza, hasa yenye florini

Yale ya viatu na makochi. Kwa kiraka kidogo cha nje sawa, kwa kazi ya kila siku hapana. Zaidi ya hilo la mapafu nililosema, dawa za florini haziozi, zinabaki kwenye maji na kwenye damu za watu, ndo maana kemikali mbili za jamii hiyo ziliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali zisizooza, PFOS mwaka 2009 na PFOA mwaka 2019. Tatizo la soko letu ni kwamba kopo la zamani na la sasa yanakaa rafu moja na muuzaji hajui tofauti. Mwombe karatasi ya usalama ya bidhaa, ina vipengele 16, soma cha 2 cha hatari, cha 8 cha vifaa vya kujikinga na cha 9 ambapo utakuta joto la kuwaka. Muuzaji wa madumu akishindwa kabisa kukutumia hiyo karatasi hata kwa WhatsApp, nenda duka lingine. Mkaguzi wa OSHA, wale wa usalama mahali pa kazi, akija naye ataiulizia.

Mtu aliyepulizia dawa akaanza kukohoa, kifua kinabana, pumzi fupi, asiambiwe akanywe maziwa. Mtoe nje mpeleke hospitali na kopo lake mkononi, dalili zinaweza kuzidi baada ya masaa.

Ya mwisho: parafini kwenye petroli, na mafuta ya kitani

Mshumaa uliokatwa katwa ndani ya petroli, mafundi wazee wanaijua, ni rahisi kuliko zote na inazuia maji kweli. Petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sasa we fikiria mchana wa Dar. Lakini hata petroli ikishapaa yote, nta inabaki kwenye kitambaa inasubiri moto. Tarehe 6 Julai 1944 huko Hartford, Marekani, hema la sarakasi lililopakwa parafini iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya jamii ya petroli lilishika moto watu wakiwa ndani, likaisha ndani ya dakika chache, waliokufa ni zaidi ya 160. Hema la harusi au la msiba, lenye masufuria ya pilau nyuma yake, lisipakwe hivyo kabisa.

Mafuta ya kitani (linseed) yana ubaya wa aina yake, yakikauka yanatoa joto. Matambara yaliyolowa ukiyarundika kwenye ndoo yanaweza kujiwasha bila kiberiti. Jengo la One Meridian Plaza huko Philadelphia liliungua Februari 1991 kwa matambara ya namna hiyo, wazimamoto watatu wakafa. Kama unayo stoo na lazima uimalize, kila tambara litandazwe peke yake nje kwenye kamba mpaka likakamae, au liingie kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko. Na lile turubai ambalo lilishapakwa nta ya petroli zamani, usijaribu kulifua kwa petroli kuitoa, liandike kwa rangi LINAWAKA na ulitumie kufunikia matofali au mchanga, mbali na jenereta.