Giaboksi ya Subaru yenye ngazi mbili: tathmini baada ya masika ya Usambara

Kwa miezi 8 sasa Forester yangu ya mwaka 2003 inatembea kwa giaboksi ambayo haikutoka nayo kiwandani, na ambayo sikuipata Kariakoo wala kwingine kokote nchini licha ya kuitafuta kwa karibu mwaka mzima. Ni giaboksi ya mkono yenye gia 5, inayoendesha magurudumu yote 4 wakati wote, na ndani yake imejengewa ngazi mbili: ngazi ya juu kwa safari za kawaida, na ngazi ya chini, ambayo madereva wetu huiita lo, kwa ajili ya milima na matope. Watu kadhaa wenye Subaru za mkono wameniuliza kama kifaa hiki kinastahili gharama na usumbufu wa kukiagiza ng'ambo. Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa masharti ambayo nitayaeleza kwa kirefu, kwa sababu mimi mwenyewe nilipoteza fedha kabla ya kuyajua.

Kazi yangu ni kuwapelekea wakulima wa Usambara Magharibi mbegu na dawa za mimea. Barabara ya lami inayopanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto haimsumbui mtu mwenye gari zima. Kazi huanza baada ya hapo, kuelekea Lukozi na Mtae, na hasa kwenye njia za vijijini zinazochepuka kutoka barabara kuu na kushuka mabondeni kwa kona kali. Mvua za masika zikishika, kati ya Machi na Mei, udongo mwekundu wa huko huteleza kama sabuni. Forester ilikuwa inapanda, hilo siwezi kulikana, lakini gia yake ya kwanza ni ndefu mno kwa mwendo wa polepole, hivyo kila nilipohitaji kutambaa juu ya mawe nikiwa na mzigo nililazimika kucheza na klachi, na ndani ya miaka 2 nilibadilisha klachi pleti mara 2. Wakati wa kushuka hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa hata katika gia ya kwanza injini haikulishika gari vya kutosha, nami nikawa naegemea breki mpaka zinanuka.

Ili msomaji aelewe nilichokuwa nakitafuta, ni vizuri kueleza jinsi kifaa hiki kinavyofanya kazi. Katika Land Cruiser, ngazi ya chini hukaa kwenye boksi la pili lililofungwa nyuma ya giaboksi. Subaru walifanya tofauti: jozi ya meno ya ziada imewekwa mwanzoni kabisa, kwenye shafti inayopokea nguvu kutoka klachi, kabla nguvu hiyo haijafika kwenye gia zenyewe, kwa hiyo gia 5 za mbele zinakuwa 10. Difu ya mbele imo ndani ya kasha hilohilo na inatumia mafuta yaleyale. Mkiani kuna difu ya kati inayogawa nguvu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma, ikisaidiwa na kiungo chenye mafuta mazito ya silikoni kinachozuia upande mmoja usizunguke peke yake.

Ngazi ya chini ya Subaru hizi si ya uwiano mmoja, yaani idadi ya mizunguko inayoingia kwa kila mzunguko mmoja unaotoka. Zipo za 1.447, ambazo ndizo zenye maana kwa mtu wa milimani, na zipo za 1.196, ambazo kwa maoni yangu hazitoshi kumfanya mtu aagize mzigo kutoka ng'ambo. Hata hiyo 1.447 isimdanganye mtu akadhani amepata Land Cruiser ya 70, ambayo lo yake ni 2.488. Lakini hesabu ya gari langu inaonyesha tofauti iliyopatikana. Gia ya kwanza ni 3.454, na difu niliyokuwa nayo ilikuwa ya 4.111, kwa hiyo injini ilikuwa inazunguka mara 14.2 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Giaboksi niliyoipata ina difu ya 4.444, na ukiweka ngazi ya chini unapata mara 22.2. Hilo ni ongezeko la zaidi ya nusu, kwa injini ileile ya lita 2.

Uadimu wake una sababu. Forester nyingi zinazofika kwetu zimetumika Japani, na sehemu kubwa ya hizo ni otomatiki. Za mkono zenyewe ni chache. Subaru waliziuza Forester za ngazi mbili kwa wingi Uingereza, katika nchi nyingine za Ulaya, Australia na New Zealand, ambako wakulima na watu wa vijijini walizinunua kwa kazi za shamba. Marekani haikuzipata Forester za namna hiyo kabisa, hivyo anayetafuta huko anajichosha bure. Australia zipo nyingi, ila wenyewe wanazipenda, na nauli ya meli kwa kifaa kimoja ilikuwa karibu sawa na bei ya kifaa chenyewe. Uingereza kuna faida ya pekee: chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi huila bodi ya gari kutoka chini, kwa hiyo magari hupelekwa kuvunjwa kwa sababu ya kutu huku injini na giaboksi zikiwa bado nzima.

Kabla ya kufika Uingereza nilipita Ghuba, kama wafanyavyo wafanyabiashara wengi wa spea wa kwetu. Wakala mmoja aliniambia ameipata Sharjah, akanitumia picha 2 za giaboksi iliyosafishwa vizuri, nami nikatuma malipo ya awali. Mzigo ulipofika Dar es Salaam, fundi wangu aliuangalia kwa dakika chache akasema, "Mzee, hii ni ya kawaida, haina pa kufunga kebo ya lo." Nilirejeshewa nusu tu ya fedha. Simtaji wakala huyo, na nakubali kwamba huenda naye hakujua alichokuwa anauza. Jambo muhimu ni kwamba giaboksi hizi mbili zinafanana sana kwa mtu anayezitazama kijuujuu, na picha peke yake haiwezi kumlinda mnunuzi.

Mara ya pili nilijipanga. Mpwa wangu anaishi Birmingham, nikamwomba aende mwenyewe kwenye yadi ya wavunja magari waliokuwa wametangaza giaboksi 3 za Forester. Nilimwandikia mambo ya kuangalia, na nayarudia hapa kwa sababu ndiyo yaliyoniokoa. Kwanza ni kibandiko kilichopo juu ya kasha linalofunika klachi, chenye namba inayoanza na herufi TY kwa giaboksi za mkono. Inayoanza na TZ ni otomatiki. Namba hiyo ipigwe picha nzima, kwa kuwa herufi za mwishoni ndizo zinazotofautisha giaboksi moja na nyingine. Pili ni mkono mdogo wa chuma ulio ubavuni mwa kasha, ambao ndio unaovutwa na kebo ya lo. Tatu ni kuhesabu mizunguko, na hapa ndipo palipokuwa na ushahidi usiokanushika. Nilimwambia aweke gia ya nne, aizungushe shafti ya klachi mara 10 kwa mkono huku akihesabu mizunguko ya mkiani, kisha ahamishie ngazi ya chini na kurudia. Gia ya nne ni 1.088, kwa hiyo katika ngazi ya juu mkia unatakiwa kuzunguka mara 9 na kidogo. Katika ngazi ya chini ya 1.447 unazunguka mara 6 na theluthi hivi, na ingekuwa ya 1.196 ungezunguka karibu mara 8. Alinipigia simu akiwa palepale yadini: "Mjomba, hii ya kwanza ni 6 na kitu, ile ya pili haishuki kabisa." Kati ya 3 zilizotangazwa kuwa za ngazi mbili, 1 haikuwa.

Wale wavunja magari nawasifu kwa jambo moja kubwa: walimruhusu kijana ahesabu kwa muda aliotaka bila kumharakisha, na walikubali kuuza pamoja na giaboksi ule mkono wa lo unaokaa kando ya breki ya mkono, kebo yake, na kifuniko cha katikati chenye tundu la kupitishia mkono huo. Vipande hivi vidogo ndivyo vinavyosahaulika, na kuvitafuta baadaye kimoja kimoja ni mateso. Bei ilikuwa pauni 320 kwa vyote.

Usafirishaji ulifanywa na mmoja wa Watanzania wanaokusanya mizigo ya watu wengi katika konteina moja la kwenda Dar es Salaam. Walitaka mafuta yote yamwagwe na matundu yazibwe, na kreti ijengwe kwa mbao zilizotibiwa zenye muhuri wa ISPM 15, utaratibu unaozuia wadudu waharibifu kusafiri na mbao kutoka nchi moja hadi nyingine. Kreti ilikuwa na kilo 97, nauli ikawa pauni 140, na safari ikachukua wiki 9. Bandarini nililipia kupitia wakala wa forodha. Ushuru hukokotolewa juu ya bei ya kununulia pamoja na bima na nauli, kisha VAT ya asilimia 18 huja juu yake, kwa hiyo risiti halisi ya muuzaji isipotee. Ukijumlisha klachi mpya, difu ya nyuma, mafuta na ufundi, nilitumia zaidi kidogo ya shilingi milioni 3.

Difu ya nyuma inahitaji maelezo, kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu kazi. Giaboksi yenye difu ya mbele ya 4.444 haiwezi kufungwa na difu ya nyuma ya 4.111. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yatakuwa yanashindana kila mita ya safari, na kile kiungo cha silikoni cha difu ya kati kitapata moto mpaka kife. Kwa bahati njema difu ya 4.444 si adimu: hupatikana kwenye Forester za otomatiki zilizovunjwa, nami niliipata Gerezani kwa siku moja. Usimwamini mtu kwa maneno; hesabu meno, kwani 4.444 ni meno 40 kwa 9, na 4.111 ni meno 37 kwa 9. Kwa sababu hiyohiyo matairi yote 4 yawe ya saizi moja na yameisha kwa kiasi kinacholingana, jambo ambalo sisi tuliozoea kununua matairi ya mtumba moja moja hatulipi uzito.

Ufungaji ulichukua siku 3. Tulibadilisha sili zote za nje giaboksi ikiwa bado chini, tukaweka lita 4 za mafuta ya 75W-90 ya daraja la GL-5, nusu lita zaidi ya giaboksi ya kawaida. Gereji ya kwanza haikurekebisha kebo ya lo ipasavyo, na mara 2 ngazi ya chini iliruka yenyewe wakati nateremka. Hilo ni jambo la hatari kabisa, maana gari linaachiwa ghafla mahali ambapo unategemea injini ilishike. Fundi mwingine aliifupisha kebo kidogo kwenye nati zake na tatizo halijarudi. Anayefungiwa kifaa hiki asikubali kuondoka gereji kabla ya kukijaribu kwenye mteremko mfupi ulio salama. Ajaribu pia kukata kona kali kwenye lami kwa mwendo mdogo sana, na gari likikwama au kurukaruka kama limeshikwa breki, kiungo cha difu ya kati kimekufa.

Masika yaliyopita ndiyo yaliyonipa jibu. Kupanda kumekuwa rahisi, ndiyo, na klachi sasa naikanyaga ninapoondoka tu. Lakini thamani kubwa, ambayo sikuitarajia, iko kwenye kushuka. Katika ngazi ya chini na gia ya kwanza gari linateremka kwa mwendo wa mtu anayetembea bila mguu wangu kugusa breki, na kwenye tope hilo ndilo linalotofautisha kufika na kuingia shambani kwa mtu. Breki zangu za mbele, ambazo zilikuwa hazimalizi msimu, bado zina unene wa kuridhisha.

Kasoro zipo. Ngazi ya chini inalia kwa sauti nyembamba inayosikika hata madirisha yakiwa yamefungwa. Kwenye barabara kuu, kwa kuwa difu imekuwa fupi, injini inazunguka asilimia 8 zaidi kwa mwendo uleule, na safari ya Dar es Salaam sasa inachosha zaidi masikio na inakula mafuta kidogo zaidi. Mwenye gari la otomatiki asijaribu. Kubadilisha kila kitu kuwa cha mkono kutamgharimu zaidi ya kununua gari lingine. Anayeishi tambarare na kwenda kijijini mara 2 kwa mwaka pia asijisumbue.

Wiki iliyopita nilimwaga mafuta ya kwanza baada ya kilomita 6,000, nikayachuja kwa kitambaa cheupe. Yalikuwa yamebadilika rangi kidogo, na kitambaani kulibaki vumbi laini la chuma lisiloshikika kwa vidole, bila kipande hata kimoja cha jino.