Fundi wa AC wa Ilala aliyerudisha upepo kwenye IST yangu

Jamani kama AC ya gari yako inapuliza kiupepo cha kinyonge hata ukiweka namba nne, soma hii kabla hujaenda kujaza gesi. Mi nimejaziwa gesi mara mbili ndani ya miezi mitatu, 50,000 kila mara, gereji moja hivi ambayo siitaji jina, na mara zote mbili naambiwa iko fresh, nikifika foleni ya Banana joto lile lile. Nakaa Kivule, wanaopajua wanajua vumbi lake, na kila mwezi nampeleka mama kliniki, ana pumu, anakaa siti ya mbele na ule uvundo uliokuwa unatoka kwenye matundu unamkohoza mpaka nafungua vioo, na ukifungua vioo ndo vumbi lote linaingia. Nilikuwa naumia sana kumwona vile.

Shemeji yangu akanipeleka kwa fundi mmoja Ilala, upande wa Shaurimoyo kwenye spea. Hana bango, ana kontena na vijana wawili. Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakukimbilia boneti. Alikaa siti ya abiria akaniuliza, "Dada, shida yako upepo unatoka ila hauna baridi, au upepo wenyewe ndo mdogo?" Nikabaki namwangalia maana siku zote nilikuwa nasema tu AC haifanyi kazi na hakuna aliyewahi kuniuliza zaidi. Akanielewesha kwamba gesi kazi yake ni ubaridi, upepo unasukumwa na feni iliyoko nyuma ya dashibodi, sasa upepo kama hautoki ujaze gesi ya nini.

Akawasha, akapanda namba moja mpaka nne huku katega sikio. Kila namba feni ilikuwa inabadilisha mlio vizuri, akasema basi rezista, yaani kile kifaa kinachogawa spidi za feni, ni nzima, ingekuwa imeungua mara nyingi namba za chini zinakufa inabaki nne peke yake. Ila feni inalia kwa nguvu alafu upepo hamna, hapo njia imeziba. Akauliza tena, ukiendesha muda mrefu upepo unazidi kupungua? Ndio, nikifika Tazara ni kama umekata kabisa, nikizima AC nikakaa kidogo unarudi. Akasema hiyo ni barafu, upepo ukiwa mdogo unyevu unaganda kwenye evaporeta, yaani ile sehemu ya ndani inayopooza upepo, na barafu yenyewe inaziba hata kale kanafasi kalikobaki.

Akashusha kidroo cha mbele ya abiria kuangalia filta. Hamna filta! Sehemu yake ipo, tupu. Gari ninayo mwaka wa nne huu, kila sevisi nabadilisha oili, filta ya oili, filta ya hewa ya injini, hii ya ndani hakuna fundi aliyewahi hata kuitaja, na hilo limeniuma kuliko ile laki ya gesi. Akafungua skrubu tatu akatoa feni, ndani majani makavu ya mwarobaini na vumbi lililoshikana, evaporeta yenyewe imefunikwa kama imevalishwa blanketi la kijivu. Akapuliza povu la kusafishia, akapitisha brashi laini taratibu kwa sababu yale mapezi yake, vile vibati vyembamba, yanalala kirahisi, akazibua na mpira wa kutolea maji chini ya gari, yakatoka maji meusi tii. Kumbe ndo maana kapeti ya mbele ilikuwa haikauki.

Mwisho ndo akaweka geji ya kupima gesi. Gesi ilikuwa imezidi! Akaivuta kwa mashine, akarudisha kwa uzito ulioandikwa kwenye stika ya kwenye boneti, akasema ikizidi baridi inapungua na kompresa ya AC, ile pampu inayosukuma gesi, inateseka.

Bei: kusafisha 60,000, gesi 30,000, filta nilinunua mwenyewe duka la jirani 15,000. Filta ina mshale wa kuonyesha upepo unaelekea wapi, kijana wake alitaka kuiweka kinyume fundi akamrudisha, kwa hiyo simameni muangalie. Na ile ya karatasi ikichafuka nunua mpya, ukiipuliza na ule upepo wa mashine ya gereji inatoboka. Kwa vumbi la kwetu kaniambia nisivuke kilomita 10,000 bila kuibadilisha.

Ubaya wake ni muda. Aliniambia masaa mawili, nimefika saa tatu asubuhi nimeondoka saa tisa, hamna pa kukaa zaidi ya benchi kwenye jua, na risiti hatoi. Kidroo pia hakukibana vizuri, nikipita kwenye shimo kinagonga.

Lakini wiki ya tatu hii naendesha namba mbili tu inatosha, na juzi mama alilala kuanzia Kitunda mpaka kliniki vioo vimefungwa, hajakohoa hata mara moja. Nampa nyota nne. Jumamosi narudi anibanie kidroo, na shemeji anakuja na Noah yake, yenyewe inapuliza namba nne peke yake, kwa hiyo hiyo rezista nishaanza kuiulizia bei kwenye maduka.