Tracer 9 GT yangu na fundi asiyeitika salamu

Nilitaka niandike habari ya pikipiki, lakini kila nikianza inanijia sura ya yule fundi. Basi tumuanze yeye.

Pikipiki mpya kama hii Yamaha ikifika kilomita 1,000 humwagwa oili ya kwanza, kwa sababu vyuma vya injini vimo katika kuzoeana na ule unga wao wote unabaki ndani ya oili. Yangu ilifika mapema, maana Unguja kisiwa kidogo lakini hamu kubwa. Nikaipeleka gereji moja mjini, inayojisifu kuwa pikipiki kubwa ndiyo kazi yao. Sitoitaja. Naingia: "Assalaam alaykum." Kimya. Nikarejea. Kijana kaondosha macho kwenye simu, kaniangalia mie, kaiangalia pikipiki, kasema: "Iweke pale."

Iweke pale! Mtu na mvi zangu natoa salamu mara mbili, jawabu ndiyo hiyo.

Nikakaa juu ya ndoo naangalia. Boliti ya kumwagia oili iko chini ya injini, na pale inapoingia ni alumini, chuma laini. Inatakiwa ikazwe kwa toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo chake, na washa mpya, kile kiduara kinachozuia oili isivuje. Huyu kachukua spana, kaiongeza bomba la maji ipate urefu, kavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nikamwambia, "Mwanangu, taratibu hapo." Hata hakugeuka. "Mzee, unataka kunifundisha kazi?" Na washa karejesha ile ile kongwe, nimeiona kwa macho yangu, ina duara lililobonyea.

Siku chache baadaye nikaenda Paje kwa njia ya Tunguu, mama watoto nyuma. Sasa hapa haki isemwe. Hii kitu ni tamu. Silinda tatu, mlio wake mzito bila ya makelele, gia zinapanda huku klachi hujaigusa. Pale Jozani kuna matuta, yamewekwa ili kima punju wasigongwe na magari. Kwenye vespa yangu ya zamani kila tuta nililihesabu kwa kiuno. Safari hii nimeyapita yote naongea. Mama watoto, ambaye bodaboda hapandi hata kwa dawa, hakunung'unika mpaka tumefika. Ningeandika siku ile mngesoma sifa tupu.

Tumetoka kula, naona chini ya injini mchanga umelowa. Tone, kisha tone jengine. Nikapitisha kidole: oili. Boliti nikiizungusha inazunguka tu, haishiki. Thredi, yale meno ya ndani ya tundu yanayoishika boliti, zimeliwa zote.

Nikampigia. Salamu, hakuitika vilevile! Kasema, "Nyinyi mnazipeleka mbio kwenye vifusi halafu lawama kwetu." Vifusi? Barabara ya Paje lami mwanzo mwisho. Akakata simu. Pikipiki imerudi mjini juu ya gari ya mizigo, imefungwa kamba, watoto wa Tunguu wanaicheka. Mama watoto karudi na daladala, na alilolisema siliandiki hapa.

Aliyeitengeneza ni mzee mmoja wa Mwanakwerekwe, fundi wa vespa tangu sijaoa. Kaitika salamu sijaimaliza, kauliza hali za nyumbani, ndipo akalala chini. Kalipanua tundu kidogo, kakata thredi mpya za saizi ya juu, katia boliti mpya na washa ya shaba, kisha kamimina oili ya kuoshea mpaka vichembe vya alumini vyote vikatoka. Pikipiki kama hii alikuwa hajawahi kuishika. Kilichomshangaza ni vile vishikio vya kupasha mikono moto. "Kwa baridi ya wapi, baba?" Sikuwa na jawabu. Kaskazi ikivuma mikono inatoka jasho yenyewe, na pesa ya vishikio nimeshailipa.

Basi nikaamua nauza. Pikipiki mpya kabisa ina kovu tumboni, na kisiwa chenyewe toka Nungwi mpaka Makunduchi hakifiki kilomita 100. Chombo cha safari za mbali kitasafiri kwenda wapi? Maboksi yake ya pembeni ndiyo usiseme, kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe hayapiti, yanakwangua kuta za watu.

Halafu juzi nimeswali alfajiri, nikaitoa, nikaenda Nungwi kwa Mahonda na Mkwajuni, njia nyeupe. Nimerudi mpaka Bububu, nikageuza nikaenda tena.

Siuzi. Kwa sasa siuzi. Kila nikiiegesha napeleka kidole kwenye boliti, na mpaka leo pakavu. Pakitoka tone moja tu naiuza wiki hiyo hiyo, na bei itakayopungua nitakwenda kuidai kwa yule kijana. Salamu simtolei.