Bastola ya shabaha ya .22: ipi ununue, na fedha ya maboresho iende wapi

Mnunuzi mgeni akifika kaunta, swali lake la kwanza huwa moja: ipi inapiga sawasawa? Swali hilo halimsaidii. Ukiibana bastola yoyote kati ya hizi nitakazozitaja kwenye kishikizo na kuipa risasi nzuri, matundu yatabanana kuliko utakavyoweza wewe ukiwa umesimama, mkono mmoja umenyooka. Kwa hiyo mtutu nimeuweka kando. Nimezipanga kwa mambo matatu: kifyatulio chake kikoje, inafunguliwaje wakati wa kusafisha, na vipuri vyake vinapatikanaje.

Ila kabla ya bastola, jua utacheza mchezo gani, maana hapo ndipo wengi hupoteza fedha. Ukilenga mashindano ya mita 25 ya ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha, kifyatulio lazima kihimili uzito wa gramu 1000, bastola isizidi gramu 1400, mtutu usizidi milimita 153, na silaha nzima iingie kwenye kisanduku cha milimita 300 kwa 150 kwa 50. Vilengeo ni vya wazi tu. Nukta nyekundu, yaani kilengeo cha kielektroniki kinachokuonyesha nukta ya mwanga, hairuhusiwi. Mchezo wa Bullseye wa Marekani, unaopigwa yadi 50 na yadi 25, unaruhusu nukta nyekundu, na kifyatulio cha .22 kinaweza kushuka hadi pauni 2, yaani gramu 900 na kidogo. Bastola inayotamba huku inaweza kurudishwa mezani kule wakati wa ukaguzi. Na sheria ya nchi hutangulia zote: Uingereza, kwa mfano, ilipiga marufuku bastola za aina hii mwaka 1997, hata hizi ndogo za shabaha. Leseni na kabati la chuma lenye kufuli ni sehemu ya gharama, viweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

1. Ruger Mark IV Target

Ukoo huu ulianza mwaka 1949, na kwa muda mrefu ulikuwa na sifa mbili: haufi, na haurudishiki. Mwenye Mark I, II au III anajua ninachosema. Kuifungua ni rahisi, lakini kuiunganisha tena kumewafanya watu wazima waende kwa fundi na mfuko wa vipande. Mark IV iliyotoka mwaka 2016 ilimaliza hadithi hiyo: kuna kitufe kimoja nyuma, unakibonyeza, sehemu ya juu inainuka, bolti inatoka. Kwa sababu hiyo peke yake naiweka juu. Bastola ya .22 inachafuka haraka, na bastola ambayo ni rahisi kufungua ndiyo itakayosafishwa.

Kasoro yake ni kifyatulio cha kiwandani, kizito na chenye mkwaruzo. Habari njema ni kwamba hakuna bastola ya .22 yenye vipuri vingi kama hii. Volquartsen na Tandemkross wamejenga biashara juu ya udhaifu huo. Aliyezoea mpini wa 1911, ile bastola ya zamani ya jeshi la Marekani, achukue toleo la 22/45, ambalo mpini wake una mlalo unaofanana na ule.

Ukinunua iliyotumika, angalia namba yake. Zilizotengenezwa kabla ya Juni 2017 zilitakiwa zirudishwe kiwandani kurekebishwa: ukivuta kifyatulio huku kizuizi cha usalama kimekaa katikati, bastola ingeweza kufyatuka pale unaposogeza kizuizi kwenye alama ya kupiga. Usikubali jibu la "ilisharekebishwa" bila kuhakikisha na kampuni kwa namba ya silaha.

2. Browning Buck Mark

Kama hutaki kubadilisha kitu chochote, basi hii ndiyo namba moja yako, na sitabishana. Imekuwepo tangu 1985, na kifyatulio chake kinatoka kiwandani kikiwa safi kiasi kwamba wengi hawakigusi maisha yote. Mpini unakaa vizuri mkononi, hata mkono mdogo.

Imeshuka nafasi moja kwa sababu ya skrubu. Kipande cha juu kinachobeba kilengeo cha nyuma kimefungwa kwa skrubu zinazopenda kulegea, na zikilegea utaona matundu yanatembea kwenye karatasi huku ukijilaumu mwenyewe. Tone la gundi ya skrubu, ile isiyo kali, linatosha. Kuifungua kabisa kunahitaji ufunguo wa pembe sita, na kipande hicho hutoka, kwa hiyo baada ya kuunganisha hakikisha ulengaji haujahama.

3. Smith & Wesson SW22 Victory

Skrubu moja mbele ya kinga ya kifyatulio, na sehemu ya juu inatoka; skrubu nyingine, na mtutu uko mkononi. Huo ndio mvuto wake: unaweza kubadilisha mtutu mwenyewe, mezani, bila fundi. Ndani ya boksi kuna pia reli ya kufungia nukta nyekundu, jambo ambalo wengine wanakutoza. Kifyatulio ni cha wastani. Vipuri vipo, ingawa haviwezi kulinganishwa na utitiri wa Ruger.

4. Smith & Wesson Model 41

Kuna watakaokasirika kuiona hapa chini. Ni bastola ya heshima, inatengenezwa tangu 1957, na kifyatulio chake ni kizuri kuliko vyote vitatu vya juu. Unashusha kinga ya kifyatulio, mtutu unatoka pamoja na vilengeo vyote viwili, ukiurudisha ulengaji upo palepale. Lakini ni ghali, ni nzito, na ni ya kudeka kwenye chakula: inataka risasi za mwendo wa kawaida, na ukiipa zisizoipendeza itakwama. Tena ile ya mtutu wa inchi 7 imeshavuka kikomo cha milimita 153 cha ISSF. Inunue iwe bastola ya pili au ya tatu ya maisha yako ya shabaha.

Pardini SP, Walther SSP na Feinwerkbau AW93 sikuziweka kwenye orodha kwa sababu ni daraja jingine. Magazini yao iko mbele ya kifyatulio, mtutu umekaa chini karibu na mkono, mpini ni wa mbao uliochongwa kwa kiganja, wa mkono wa kulia au wa kushoto, na kifyatulio kinarekebishwa kila upande. Kama una uhakika kwamba ISSF ndiyo njia yako, ruka wanne wa juu na utafute moja ya hizi iliyotumika. Utatumia fedha kidogo kuliko kuboresha Ruger mpaka ifanane nayo, na haitafanana. Taurus TX22 Competition, yenye magazini ya risasi 16, ni ya kuangusha sahani za chuma kwa kasi. Kwa karatasi si chaguo langu.

Kwenye zilizotumika utakutana pia na High Standard za zamani. Nzuri sana, lakini kampuni ya awali ilifungwa mwaka 1984 na magazini zake ni nongwa. Usinunue kabla hujaipiga na magazini zilezile utakazopewa. Kwa bastola yoyote iliyotumika, chungulia mdomo wa chemba, pale risasi inapokaa. Ukiona kijidimbwi ukingoni, pini imekuwa ikigonga chuma kitupu.

Maboresho

Boresho la kwanza ni risasi, na silisemi ili kubana matumizi. Kwenye .22 LR, risasi inayotumiwa na bastola hizi, baruti ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, imesambazwa kwa kuzungushwa, na pini hugonga sehemu moja tu ya ukingo huo. Mahali hapo pakiwa na upungufu, risasi haitoki, na ndiyo maana hata za bei ya juu hugoma mara mojamoja. Ikigoma, acha mtutu umeelekea kwenye shabaha, subiri nusu dakika, kisha itoe. Chukua aina nne au tano za mwendo wa kawaida, kama CCI Standard Velocity, Eley Target, SK na Aguila, piga kumi kumi kwa kila aina, mita 25, mikono ikiwa juu ya mfuko wa mchanga. Bastola itakuchagulia. Ukishaijua, nunua boksi nyingi zenye namba moja ya toleo la kiwandani. Risasi za mwendo mkali ziache: zinachosha springi na bolti, na karatasi haizihitaji.

Cha pili ni kifyatulio, kwa Ruger hasa. Seti kamili ya nyundo na kipande kinachoishika hubadilisha bastola mara moja. Nunua seti ya mtengenezaji mmoja na usisugue vipande vya kiwandani kwa jiwe; nyundo isiyoshikwa vizuri inaweza kujiangusha. Pima kwa uzani kamili, si kwa kukisia, ukiacha gramu chache juu ya kikomo. Wapo wanaotoa kile kidude kinachozuia kupiga magazini ikiwa nje. Mimi nakiacha.

Nukta nyekundu ni ya tatu, kwa wanaoruhusiwa. Dakika moja ya pembe ni kama milimita 7 kwa mita 25, hivyo nukta ya dakika 3 hufunika sentimita 2 hivi na ya dakika 6 hufunika zaidi ya 4. Duara la kumi kwenye karatasi ya ISSF ya kupiga polepole lina kipenyo cha sentimita 5. Kubwa huonekana upesi, ndogo humwonyesha mpigaji mtetemo wa mkono wake mpaka akaogopa kufyatua. Mwanzoni kubwa ina nafuu.

Mpini wa mbao ununue baada ya kushika kadhaa, na mtutu mwepesi kama Pac-Lite uuweke mwisho kabisa. Unapunguza uzito wa mbele, mkono unachoka polepole, ila wepesi huohuo hufanya bastola iyumbe zaidi. Kabla ya lolote kati ya hayo, nunua risasi bandia za mazoezi ya kufyatua bila baruti, na usome kijitabu cha bastola yako kinasema nini kuhusu kufyatua chemba ikiwa tupu, maana si zote zinavumilia.