Nililipia mashine pepe nifungue kompyuta ya marehemu baba, nikaambulia jeuri

Si kawaida yangu kuandika malalamiko. Lakini jibu nililopewa na watu wa huduma kwa wateja wa programu moja ya mashine pepe (yaani kompyuta inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako), tena ya kulipia, bado linanichoma, na ni wiki kadhaa sasa.

Baba alikuwa fundi redio. Alipofariki aliacha kompyuta ya Windows 95. Pawasaplai ilishakufa zamani, ila hadidiski ilikuwa nzima, nikainakili yote ikawa faili moja. Ndani yake kuna REDIO.CRD. Hiyo ni faili ya Cardfile, kile kiprogramu kidogo cha kadi kilichokuwa kwenye Windows za zile enzi. Kila redio iliyopita mikononi mwake aliifungulia kadi: mteja, ugonjwa wa redio, alichobadilisha. Ukiifungua faili hiyo kwa programu za leo unaona vipande vya maneno vimezamishwa kwenye herufi zisizosomeka. Na Cardfile yenyewe ya wakati ule ni programu ya biti 16, ambayo Windows za biti 64 hazikubali kabisa kuiendesha. Mimi nilitaka kuziona kadi kama alivyokuwa akiziona yeye, zimepangwa moja nyuma ya nyingine, vichwa vinachungulia kwa juu kwa mpangilio wa alfabeti.

Nikanunua programu hiyo kwa sababu moja tu: unapounda mashine mpya, kwenye orodha ya mifumo endeshi, Windows 95 ipo. Wameiandika wao wenyewe. Nikaipa ile faili ya diski, nikawasha. Zile rangi za mawingu zikatokea na moyo ukaniruka. Halafu skrini ikawa nyeusi na maandishi meupe: hitilafu ya ulinzi wa Windows wakati wa kuanzisha NDIS (sehemu yake ya mtandao), washa upya. Nikawasha upya. Ileile. Nilikaa usiku kucha nikizima na kuwasha, nikipunguza memori, nikitoa kadi ya sauti, nikirudisha.

Nikawaandikia. Nilieleza kwa adabu, nikaambatanisha picha ya skrini, nikasema ni kompyuta ya marehemu baba. Siku kadhaa baadaye nikajibiwa kwa mistari miwili: mfumo huo ni wa mwaka 1995, hatuna muda wa takataka za kale, tumia mfumo wa kisasa. Hakuna salamu. Hakuna pole. Takataka! Kitu ambacho wamekiweka kwenye orodha yao ili mimi nitoe pesa.

Na kinachonikasirisha kuliko yote ni kwamba ugonjwa huu unajulikana. Haukuhitaji mtaalamu wa ajabu. Windows 95 inapoanzisha sehemu ya mtandao hupima kasi ya prosesa: inazungusha kitanzi, yaani inarudia maagizo yaleyale mara nyingi, inaangalia muda uliotumika, kisha inagawanya kwa muda huo. Waliouandika mfumo hawakuwaza prosesa za leo. Ukizidi takriban gigahezi 2.1, kitanzi kinaisha upesi mno hadi muda unasomeka sifuri, na kugawanya kwa sifuri ndiko kunakoiangusha Windows. Tatizo la ukoo huohuo lilishaonekana hata kwenye prosesa za AMD K6-2 za megahezi 350 na kuendelea, enzi zilezile. Kiraka, yaani kipande cha programu cha kurekebisha kasoro hiyo, kipo, wapenzi wa mifumo ya zamani walishakitengeneza. Mstari mmoja tu wa kuniambia hivyo ungetosha. Nilikuja kuyajua haya mwenyewe, baada ya kupoteza usiku mwingine mzima.

Hapo ndipo nilipoelewa pia kwamba nilinunua kitu kisicho cha kazi hii. Mashine pepe ya aina ile inaikabidhi Windows 95 prosesa yako halisi ya leo, na kasi yake yote. Emuleta kamili haifanyi hivyo. Inaiga kila agizo la Pentium ya zamani, na kwa mwendo wa Pentium ile, hivyo kitanzi kinachukua muda wake na hakuna sifuri. Kiraka sikukitaka kwanza, kwa sababu sikutaka kugusa chochote kwenye diski ya baba kama kuna njia nyingine.

Nikahamia 86Box, ambayo ni ya bure. Sitaisifu kipofukipofu. ROM za BIOS, yaani programu za kuwashia kompyuta za zamani, unazipakua kando, na vipimo vya diski, yaani silinda, vichwa na sekta, nilivikosea mara ya kwanza na diski ikakataa kuwaka. Nikiweka Pentium ya kasi, kompyuta yangu inalemewa, maana kore moja ya prosesa ndiyo inayobeba karibu mzigo wote. Ile asilimia ya kasi inayoonyeshwa na 86Box inashuka chini ya 100 na sauti inakatikakatika kama mtu anayekwama kwenye maneno. Nilikaribia kuifuta. Nikashusha hadi Pentium ya megahezi 100, ikatulia pale kwenye 100.

Ikahesabu memori. Mawingu yakaja. Nikaziba mdomo kwa mkono nikisubiri ile skrini nyeusi, haikuja. Windows ikaanza kugundua vifaa vipya kimoja baada ya kingine na kudai faili za usakinishaji, na kumbe baba alikuwa amezinakili kwenye folda ndani ya diski hiyohiyo. Halafu mlio wa kufunguka ukalia, ule mlio niliokuwa nikiusikia chumba cha pili nikiwa mtoto, nikajua baba ameanza kazi.

Niseme ukweli, ile programu ya kulipia si mbovu kwa kila kitu. Nimeiwekea Windows XP na inaenda vizuri, kuliko nilivyotarajia. Nilipoanza kuandika haya nilikuwa nimepanga kuipa nyota moja. Kwa ajili ya XP nilifikiria tatu, kwa sababu anayetaka XP atafurahi na sitaki kumdanganya. Lakini nikilisoma tena lile jibu lao, hizo tatu zinanishinda kuandika. Programu inaposhindwa naweza kuvumilia, mradi mtu aniambie kwamba imeshindwa. Wao walinitukania kilichobaki cha baba yangu. Basi iwe moja. Na kama unatafuta Windows 95 hasa, usiwape hata senti, nenda kwenye emuleta.

Kadi zipo zote. Nimezisoma usiku wa jana hadi macho yakauma. Nyingi ni fupi: kapasita imevimba, imebadilishwa, waya wa spika umeng'oka, betri zimevuja. Kuna moja ya redio ya mama mmoja, imeandikwa transista ya kutolea sauti imeungua, imebadilishwa, halafu chini yake: asidaiwe, ni mjane. Sikuwahi kujua kwamba alikuwa akifanya hivyo, na baada ya hapo nilianza kuzipitia upya tangu A, nikakuta nyingine za namna hiyo.

Nimewaandikia tena wale wa huduma kwa wateja. Safari hii sikuomba msaada. Niliwaeleza ile habari ya kitanzi na sifuri ili mteja mwingine akija na shida hii wawe na la kumjibu, nikaambatanisha picha ya ile kadi. Hawajajibu.